Usipoziba Ufa: Seva za Taasisi na Wajibu wa Wanakiswahili

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii imerudiwa mno katika insha za shule hivi kwamba aghalabu husomwa kama pambo la kufungulia aya. Hata hivyo, upo ufundi wa siku hizi unaoishi kwa methali hii bila hata kuitaja, nao ni ufundi wa kusimika, kusanidi na kulinda seva ya wavuti ya taasisi. Katika ufundi huu nyufa hugunduliwa mara kwa mara, viraka hutolewa na waundaji wa programu, na anayechelewa kuziba hulazimika kujenga upya, tena mbele ya macho ya umma.

Jambo hili linamhusuje mwanafunzi au mhadhiri wa Kiswahili? Jibu la haraka ni kwamba linamhusu kama linavyomhusu kila raia. Mwanafunzi wa Kenya huomba nafasi ya chuo kupitia tovuti ya KUCCPS, huomba mkopo wa HELB mtandaoni, kisha hujisajili kwa masomo na kusoma matokeo yake katika tovuti ya chuo. Nambari yake ya kitambulisho, hali ya uchumi wa wazazi wake na alama zake za mitihani zote hulala ndani ya seva ambazo hajawahi kuziona. Lakini lipo jibu la pili, nalo ndilo kiini cha makala haya. Ulinzi wa seva, kabla haujawa suala la mitambo, ni suala la maagizo yaliyoandikwa, yakamfikia anayehusika, yakaeleweka na kutekelezwa. Huo ni uwanja wa lugha, na taaluma ya Kiswahili imeuachia wengine bila sababu ya kuridhisha.

Seva na mtunzaji wake

Seva ya wavuti ni programu inayokaa ikingoja wageni. Kivinjari cha mtumiaji hubisha, nayo seva huitika, hutafuta ukurasa ulioombwa na kuutoa. Seva ya kwanza ya aina hii iliundwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na mji wa Geneva, mwishoni mwa mwaka wa 1990. Ilifanya kazi ndani ya tarakilishi ya NeXT, na juu ya tarakilishi hiyo palibandikwa karatasi yenye maandishi ya wino mwekundu yaliyoonya kwamba mashine hiyo ni seva na isizimwe. Mwanafunzi aliyefunzwa uandishi wa kiuamilifu ataitambua karatasi hiyo mara moja. Ni tahadhari: fupi, bayana, inayomlenga yeyote apitaye, na iliyowekwa mahali pale pale ambapo kosa lingetendeka.

Mwaka wa 1995 kundi la waundaji programu waliokuwa wakitumia seva ya kituo cha NCSA, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, walikusanya marekebisho ambayo kila mmoja alikuwa ameyafanya kivyake na kuyaunganisha. Hivyo ndivyo ilivyopatikana seva ya Apache. Yaani seva hii, ambayo ingekuja kuenea duniani kote, ilizaliwa kutokana na viraka. Mwaka wa 2004 Mrusi Igor Sysoev alitoa seva nyingine iitwayo nginx. Hizi mbili zingali miongoni mwa seva zinazotumiwa zaidi duniani, na matoleo yake huria hupatikana bila malipo.

Kusimika seva mojawapo kati ya hizi ni kazi ya dakika chache kwa fundi aliyezoea. Hapo ndipo wengi hudanganyika, kwani wepesi wa kusimika huwafanya waamini kwamba kazi imekwisha. Kazi yenyewe huanzia hapo. Kwanza, tarakilishi inayobeba seva yafaa iwekewe programu zinazohitajika tu, maana kila programu isiyotumika ni dirisha lililosahauliwa wazi. Pili, milango ya mawasiliano hufungwa yote, isipokuwa ile yenye kazi maalumu: mlango wa 80 na wa 443 kwa wageni wa wavuti, na mlango wa usimamizi ambao hufunguliwa kwa anwani zinazojulikana pekee. Tatu, mamlaka hupunguzwa. Katika mifumo ya jamii ya Unix, seva huanza ikiwa na uwezo wa mtumiaji mkuu, kwa kuwa milango iliyo chini ya nambari 1024 imetengewa mtumiaji huyo. Baada ya kuanza, hukabidhi kazi ya kuwahudumia wageni kwa mtumiaji mwenye mamlaka finyu, ambaye katika Debian na Ubuntu huitwa www-data. Nia ni kwamba atakayeingia kwa hila ajikute sebuleni, asifike ghalani.

Zaidi ya hayo, mtunzaji huizuia seva kuwaonyesha wageni orodha ya faili zake au kuwatangazia nambari ya toleo lake. Huiwekea cheti cha TLS ili mawasiliano yageuzwe fumbo yanaposafiri, asiweze kuyasoma anayeyadukiza njiani. Hulisoma daftari ambamo seva hurekodi kila ombi na kila hitilafu. Huweka nakala za akiba mahali pengine, na hujaribu kuzirejesha ili ahakikishe kwamba zinafanya kazi. Hatimaye, huweka viraka kila vinapotolewa, wala hangoji likizo.

Karibu yote haya hufanywa kwa kuandika. Usanidi wa Apache au wa nginx ni faili ya maandishi matupu yenye kanuni zake za mpangilio. Mabano yasiyofungwa au alama iliyosahauliwa huweza kuizuia seva isiwake kabisa, na ndiyo maana zote mbili zina amri ya kukagua sarufi ya faili kabla ya seva kuwashwa upya. Hata hivyo, amri hiyo hukagua sarufi tu, haikagui maana. Agizo linaloufungua mlango kwa ulimwengu mzima laweza kuwa sahihi kisarufi na likawa maangamizi kwa taasisi. Mwanaisimu hahitaji kufafanuliwa tofauti hiyo.

Tahadhari isiyomfikia mlengwa

Mfano unaoeleweka vyema zaidi ni ule wa Equifax, kampuni ya Marekani inayohifadhi kumbukumbu za mikopo ya watu. Mnamo Machi 2017 ilitangazwa kwamba Apache Struts, mkusanyiko wa zana za kuundia programu zinazoendeshwa nyuma ya seva za wavuti, ilikuwa na ufa mkubwa. Kiraka kilitolewa mara moja na bila malipo. Siku chache baadaye kampuni iliwatumia wafanyakazi wake barua pepe ya tahadhari, ikiagiza kiraka kiwekwe katika muda wa saa 48. Mtu akiisoma habari hii kufikia hapo, ataona kila kitu kilitendwa ipasavyo.

Lakini Ofisi ya Uwajibikaji ya Bunge la Marekani ilipochunguza kisa hicho, ilibaini kwamba orodha ya waliotumiwa tahadhari ilikuwa imepitwa na wakati. Waliopaswa kukiweka kiraka katika tovuti iliyoathirika hawakuipata. Mei mwaka huo wadukuzi waliingia, wakakaa ndani kwa takriban siku 76. Kifaa kilichopaswa kukagua mawasiliano yanayotoka hakikuona lolote, kwa kuwa cheti chake kilikuwa kimeisha muda miezi mingi iliyotangulia na hapakuwa na aliyekihuisha. Cheti hicho kilipohuishwa mwishoni mwa Julai, wizi ukaonekana. Taarifa za watu takriban milioni 147 zilikuwa zimechukuliwa, na mwaka wa 2019 kampuni ilikubali maafikiano ya dola zisizopungua milioni 575.

Yafaa kuuliza ni nini hasa kilichokosekana. Fedha zilikuwepo, mafundi walikuwepo, na kiraka kilikuwepo. Kilichokosekana ni mambo mawili ambayo mwalimu wa kidato cha pili huyasisitiza anapofundisha uandishi wa ilani na tahadhari: kumjua mlengwa, na kuhakikisha ujumbe umemfikia. Wala si sahihi kudhani kwamba mambo haya ni ya ughaibuni pekee. Januari 2012 zaidi ya tovuti 100 za serikali ya Kenya ziliingiliwa kwa mkupuo mmoja na kurasa zake zikaharibiwa. Mwishoni mwa Julai 2023 jukwaa la eCitizen, linalobeba maelfu ya huduma za serikali, lilifurikwa kwa maombi bandia hadi wananchi wengi wakashindwa kulitumia, na wageni waliokuwa wakitegemea viza ya mtandaoni wakalazimika kupewa viza walipowasili.

Kiswahili cha mtumiaji, Kiswahili cha mtunzaji

Si kweli kwamba Kiswahili kimelala usingizi katika uwanja wa tarakilishi. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa toleo la Kiswahili la OpenOffice lililopewa jina la Jambo OpenOffice. Katika muongo huo huo kampuni ya Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya programu zake. Maneno kama vile kivinjari, tovuti, barua pepe na nenosiri yamekita mizizi, na leo hutumiwa na watu ambao hawakumbuki yalivyoanza kubuniwa.

Kazi hiyo inastahili sifa. Hata hivyo, ukiichunguza kwa makini utaona kwamba takriban yote ilimlenga mtumiaji: mtu aliyeketi mbele ya skrini, anayebofya menyu na kuhifadhi waraka. Mtunzaji, yule anayekesha nyuma ya skrini ili huduma isikatike, hakuandikiwa kitu. Orodha za istilahi zilimpa majina ya vitu lakini hazikumpa maagizo. Jina la kitu haliwezi kumwambia mtu afanye nini saa tisa usiku seva inapozima.

Isitoshe, mtunzaji wa seva ya taasisi si mtu mmoja. Yuko fundi aliyesomea kazi hiyo, ndiyo. Lakini yuko pia karani wa masijala anayepewa nenosiri la mfumo, mhasibu anayeidhinisha malipo ya jina la tovuti kabla halijaisha muda, bawabu anayeshika ufunguo wa chumba cha mitambo, na mkuu wa idara anayetia sahihi. Mmoja akikosa kuelewa sehemu yake, kazi ya wengine wote huharibika. Katika taasisi nyingi za Kenya watu hawa huzungumza Kiswahili wanapokutana koridoni, kisha hupewa mwongozo wa Kiingereza kizito ambao hutiwa sahihi na kufungiwa kabatini. Usalama wa taasisi hubaki ukitegemea waraka ambao nusu ya walengwa wake hawakuusoma.

Uteuzi wa maneno na uteuzi wa kauli

Kuandika maagizo ya namna hii si kutafsiri neno kwa neno. Chukua mfano wa programu inayochuja mawasiliano na kuamua yapi yaingie na yapi yakataliwe. Wapo waliotafsiri jina lake la Kiingereza moja kwa moja na kupata "ukuta wa moto." Msomaji huona ukuta unaowaka, ilhali asili ya neno hilo ni ukuta uliojengwa ili kuzuia moto usienee. Kiswahili tayari kina neno "ngome," ambalo kila mtoto wa Mombasa hulijua kwa kuiona Ngome ya Yesu kando ya bahari, na ambalo hubeba dhana ya ulinzi na ya lango linalodhibitiwa. Vivyo hivyo, anayeiita milango ya mawasiliano "bandari" amefuata neno la Kiingereza lenye sura ile ile lakini lenye maana tofauti. Dhana inayohusika hapa ni uwazi wa kupitia, na "mlango" hutosha.

Suala la visawe nalo lina uzito wake. Mkenya husema tarakilishi, Mtanzania kompyuta. Huyu nenosiri, yule nywila. Katika ushairi wingi huu ni utajiri, na hakuna haja ya kuuonea haya. Katika maagizo ya kazi ni hatari, kwa sababu msomaji akikutana na nenosiri katika hatua ya pili na nywila katika hatua ya tano atadhani ni vitu viwili. Mwandishi wa mwongozo na achague neno moja, alifafanue mwanzoni, asilibadilishe hadi mwisho.

Zito zaidi ni uteuzi wa kauli ya kitenzi. Nyaraka rasmi hupenda kauli ya kutendwa: "viraka vyote vitawekwa kwa wakati," "manenosiri yabadilishwe," "nakala zihifadhiwe." Sentensi hizi husikika kuwa na heshima ya kiofisi, lakini zimemficha mtenda. Viraka vitawekwa na nani? Wakati upi? Nani atajua kwamba vimewekwa? Linganisha na hii: "Mtunzaji wa seva ataweka kila kiraka cha hatari kubwa katika muda wa saa 48 tangu kitolewe, kisha atamwarifu mkuu wa kitengo kwa maandishi." Hapa pana mtenda, tendo, muda na ushahidi. Tofauti ya sentensi hizi mbili ni ya kisarufi, lakini matokeo yake yaweza kuwa tofauti kati ya ufa ulioziba na ukuta ulioanguka.

Haja ya maandishi ya aina hii itazidi kukua. Mwaka wa 2025 jukwaa linalowaunganisha watoaji wa vyeti vya TLS na waundaji wa vivinjari liliamua kwamba muda wa juu wa cheti, uliokuwa siku 398, upunguzwe hatua kwa hatua hadi siku 47 ifikapo Machi 2029. Taasisi iliyozoea kuhuisha cheti mara moja kwa mwaka kwa kumbukumbu ya kichwa haitaweza tena. Itaiachia programu kazi hiyo, na hata hivyo itahitaji mtu aliyeandikiwa bayana afanye nini programu hiyo inaposhindwa.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kwamba amri za seva ni za Kiingereza, na kwamba anayetaka kuitunza ajifunze lugha hiyo. Hoja hii huchanganya mambo mawili. Amri za usanidi ni msimbo, kama alama za hisabati au majina ya Kilatini ya mimea. Hakuna anayependekeza zibadilishwe. Daktari huandika jina la dawa kama lilivyo, lakini humwambia mgonjwa ameze vidonge viwili mara tatu kwa siku kwa lugha anayoielewa. Maelezo yanayoizunguka amri, sababu zake na mpangilio wa hatua zake ndiyo yanayohitaji Kiswahili.

Wengine watasema kwamba lugha haimzuii mdukuzi. Ni kweli. Mafuriko ya maombi bandia hayazuiwi kwa insha. Huhitaji uwezo wa mitambo na fedha. Ufa ambao hata waundaji wa programu hawajaujua hauwezi kuzibwa kwa ufasaha. Lakini kisa cha Equifax kinaonyesha kwamba ufa unaojulikana, wenye kiraka kilichokwisha kutolewa, huweza kuachwa wazi kwa sababu ujumbe ulipotea njiani. Huo ndio ufa ambao mwanakiswahili anaweza kuchangia kuuziba.

Tena, ipo sheria. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 kinaitaka taasisi iliyovamiwa, panapokuwa na hatari halisi ya madhara, kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 tangu ijue, na kumwarifu kwa maandishi mwenye data. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Mzazi wa mwanafunzi aliyejaza taarifa za kipato chake katika fomu ya mkopo ana haki ya kuambiwa, kwa maneno anayoyaelewa, kilichoibwa, madhara yanayoweza kutokea na hatua anazopaswa kuchukua. Taarifa ya namna hiyo haiwezi kutungwa vyema katika saa hizo chache za taharuki. Yafaa iwe imeandikwa, ikasomwa na kurekebishwa kabla ya siku hiyo.

Hitimisho

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vimeandaa makongamano, mashindano ya ushairi na maonyesho ya tamthilia kwa miaka mingi, na hakuna anayetaka yasitishwe. Lakini vyuo vingi vina kitengo cha tarakilishi na idara ya Kiswahili, na mara nyingi ofisi hizi mbili haziachani kwa zaidi ya mwendo wa dakika tano. Chama kinaweza kuketi na kitengo hicho na kutunga nyaraka tatu: mwongozo wa mtunzaji wa seva usiozidi kurasa kumi, orodha ya majukumu yenye cheo cha mtenda mbele ya kila kitenzi, na kielelezo cha taarifa kwa wenye data. Mwongozo huo ujaribiwe kwa kumpa fundi mgeni na kumtazama akiufuata hatua kwa hatua bila kuuliza. Atakapokwama, hapo sentensi ndiyo yenye kosa, si fundi.

Kazi hiyo haina makofi ya ukumbini, na huenda isipate nafasi katika tasnifu. Faida yake itakuwa kwamba kiraka kitatolewa usiku, ujumbe utamfikia mtu aliyetajwa, naye atajua la kufanya. Asubuhi wanafunzi watafungua tovuti na kukuta matokeo yao mahali pake, wala hawatajua kwamba palikuwa na ufa.